Kahawa Iliyoteketezwa

Jumanne moja, baada ya sala ya alasiri, pembeni mwa soko la Lindi, Adija Mtalika alipepea makaa chini ya dele lake la kahawa, akangoja povu lipande mara tatu, akamimina kikombe cha kwanza. Wateja walikuwa wanane kwenye mabenchi mawili. Alipiga funda mwenyewe, akalishikilia mdomoni, na ukungu ukaanza kutoka uvunguni mwa mabenchi. Ulipanda taratibu hadi magotini, kisha viunoni, ukiwa na baridi ya milimani na harufu ya majani mabichi. Wateja wakafunga vifungo vya makoti. Muuza vitumbua wa jirani akanuna, kama alivyonuna kila siku, kwa kuwa kuni zake zilikuwa zinalowa.

"Umatengo," alisema Adija alipomeza. "Ya mwaka jana. Mkaangaji alikuwa na haraka zake, lakini kahawa haina neno."

Hapo ndipo watu walipoanza kuzungumza. Ilikuwa desturi ya kijiwe kile kwamba hakuna anayefungua mdomo kabla Adija hajameza funda la kwanza, kwa sababu maneno hufukuza hali ya hewa, hasa maneno ya siasa. Wageni walifundishwa kwa kukanyagwa mguu.

Kahawa ya Bukoba ilileta mvua ya ziwani pamoja na vijidudu vyake, kwa hiyo siku hizo watu walikuja na miamvuli. Ya Rombo ilileta baridi kavu na maji yanayoteremka mferejini, na wazee wenye matatizo ya kibofu waliikwepa. Mfanyabiashara mmoja aliwahi kuleta gunia akiapa kwamba limetoka Rombo moja kwa moja. Adija alipoonja, likaja joto la jikoni na harufu ya dengu za kukaangwa, basi. Yule bwana alifunga gunia lake akapanda gari la Nachingwea, na hajaonekana tena mjini.

Dele lile alikuwa ameachiwa na baba yake, aliyezunguka nalo mitaani miaka arobaini akigonganisha vikombe mpaka magoti yakamgomea. Pamoja na dele alimwachia sharti moja, kwamba aseme alichoonja. Wanaume walinung'unika wiki mbili kuona mwanamke anashika kijiwe, kisha wakaonja, wakasahau walikuwa wananung'unikia nini.

Aliyenufaika kuliko wote alikuwa Cletus, Mmakonde wa Newala aliyeuza mitumba nyuma ya stendi. Tangu serikali ilipofungua milango ya biashara, marobota yalimiminika kila bandari, na kila mji wa pwani makoti mazito ya Ulaya yalibaki chini ya robota mpaka yakaliwa na nondo. Lindi yaligombewa. Cletus alishajenga nyumba ya bati kwa makoti, na kila Krismasi alimpelekea Adija jogoo.

Mmoja tu hakuwa anakunywa kahawa pale, naye hakukosa hata siku moja. Huyo ni Sipriani Kapinga, fundi seremala, aliyetengeneza yale mabenchi mawili, pamoja na nusu ya milango ya mtaa ule. Alikuja na chupa yake ya chai, akakaa mwisho wa benchi, na ukungu wa Umatengo ulipopanda aligeuza uso kutazama barabarani. Kwao ni Umatengo.

Alishamweleza Adija sababu yake mara moja tu, siku kijiwe kilipokuwa kitupu. Miaka kumi nyuma, msimu ule biashara ya kahawa ilipoachiwa huria na ushirika wa kwao ukawa unakata roho, yeye na mkewe Romana walipeleka magunia manane ghalani. Mpimaji alichota kiganja, akanusa, akaandika kwenye karatasi kwamba kahawa haina daraja, ni takataka, itateketezwa. Romana alisema kahawa yao haina kosa. Sipriani alimjibu kwamba mtaalamu kashasema, karatasi hii hapa. Walibishana njia nzima ya kurudi, na usiku ule Sipriani alichukua jembe akaanza kung'oa mibuni. Alimaliza baada ya siku tisa. Masika yaliyofuata Romana akaugua, akafariki, na lile jambo lilikuwa halijaisha kati yao. Sipriani aliteremka mpaka nchi inapoishia, mahali pasipo na mbuni hata mmoja wa kumkumbusha.

"Nikamwamini mtu mwenye kalamu," alisema, "nikamwacha mtu aliyechuma."

 Adija alimwongezea sukari kwenye chai, na tangu siku hiyo alimwita kaka.

Mwaka daraja la Rufiji lilipofunguliwa, vitu vilianza kufika Lindi ambavyo zamani vingekwama kwenye matope. Kimojawapo kilikuwa mkahawa wa Asubuhi Njema, tawi la kumi na nne, wenye milango ya kioo, kiyoyozi, na mashine inayofoka kama nyoka aliyekanyagwa. Matawi mengine yalikuwa Dar, Arusha, Mwanza na miji mingine yenye watu wenye haraka. Ubaoni waliandika kwamba kahawa yao inatoka vileleni, mbichi ya msimu huu. Wiki tatu hakuingia mtu. Watu walisimama mlangoni, wakafurahia upepo wa kiyoyozi, wakauliza, "Bi Adija keshaionja?" Wakiambiwa bado, wanaaga kwa adabu.

Meneja wake, kijana anaitwa Deo, alikuwa na moyo mzuri na viatu vya kung'aa. Alikwenda kijiweni mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunywa au kuniita?"

"Kukuita, mama. Wakubwa Dar wananipigia simu kila asubuhi. Wasipoona watu mwezi huu wanafunga tawi, wanahamisha kila kitu."

"Nitakuja Jumanne," alisema Adija. "Lakini nitasema nilichoonja."

"Ndicho tunachotaka," alisema Deo, na alimaanisha.

Jumanne mji ulijaa Asubuhi Njema. Kwa kuwa ubao ulisema vilele, watu walijiandaa na vilele. Walivaa makoti, masweta, kofia za sufu, na mzee Suleiman, kuli mstaafu wa bandarini, alivaa soksi za mpira juu ya suruali. Cletus alivaa makoti mawili kwa ajili ya matangazo. Deo aliwatazama, akadhani ndiyo mavazi ya heshima ya watu wa Lindi, akaenda ofisini akarudi amevaa koti la suti.

Adija aliletewa kikombe cha karatasi chenye kifuniko cha plastiki. Alikibandua kifuniko akakiweka kando.

"Dar wanakunywa nacho hivyo hivyo, mama," alisema Deo. "Wanakunywa huku wanatembea."

"Ndiyo maana hamjapata malalamiko," alisema Adija. "Hali ya hewa inabaki nyuma, barabarani." Akapiga funda.

Kiyoyozi kilikohoa mara moja kikazima. Bati likateremka chini ya dari, likiwa na kutu na matundu mawili ya nuru. Kuta za kioo zikawa matofali. Magunia yakajipanga kati ya meza, mstari juu ya mstari, na vumbi la miaka likajaa puani. Panya alipita juu ya kaunta bila haraka. Joto lilikuwa la ghala lililofungwa kufuli na kusahauliwa, na watu wote walikuwa wamevaa makoti. Hakuna aliyetoka wala kusema kitu, maana Adija alikuwa hajameza. Cletus alivua koti moja kimya kimya, kisha la pili.

Sipriani alikuwa amesimama karibu na dirisha, chupa ya chai kwapani. Gunia lililompata ubavuni lilikuwa na maandishi ya rangi nyeusi, rangi ya kupakia milango. KAPINGA S. NA ROMANA. Herufi ya S ilikuwa imegeuka kinyume, kama anavyoiandika yeye mpaka leo kwenye risiti. Aliyahesabu magunia yenye maandishi yale. Yalikuwa manane.

Adija aliona uso wake, akaamua kulishikilia funda zaidi ya kawaida yake. Kifua kilimbana. Nyuma ya magunia ukuta ukaanza kuwa mwepesi, na kupitia humo ukaonekana ukungu, na mlima uliochimbwa mashimo ya ngoro kama watu wa kule wanavyolima, na mibuni imesimama kwenye mistari, na moshi wa jiko. Sauti ya mwanamke ikaita kwa Kimatengo. Adija hakuelewa ila jina, Sipri. Chupa ya chai ilianguka ikapasuka. Pumzi ikamwishia Adija, akameza, na mkahawa ukarudi kuwa mkahawa.

Watu walisubiri. Deo alisubiri kuliko watu wote, akijifuta jasho kwa leso yenye nembo ya kampuni.

"Kahawa ya kampuni huonjwa siku tatu," alisema Adija, ingawa sharti hilo alilitunga wakati ule ule. "Hukumu ni Ijumaa."

Jumatano Sipriani alifika kijiweni mapema, kabla makaa hayajashika, mikono mitupu.

"Dada, alikuwa ananiita nikale," alisema. "Asubuhi, kabla ya kwenda kuchuma, alikuwa anaita hivyo. Anasema ugali unapoa."

"Nilimsikia, kaka."

"Ijumaa ukisema kahawa mbaya, hakuna atakayeinywa. Watafunga. Magunia yatarudi Dar, watayamaliza watu wanaotembea." Alikaa kwenye benchi lake, akaushika ubao kana kwamba anaupima. "Sema ni nzuri. Maneno mawili tu. Sijawahi kukuomba kitu."

Ilikuwa kweli, hajawahi. Adija alipepea makaa ambayo hayakuhitaji kupepewa. Alimpenda Sipriani kama ndugu wa tumbo moja, na ulimi wake ulikuwa tayari kabisa kusema yale maneno mawili, hilo ndilo lililomtisha.

"Nikisema ni nzuri wakati si nzuri," alisema mwishowe, "nitakuwa nani? Si nitakuwa yule wa kalamu? Yeye alisema mbaya kwa nzuri, mimi nitasema nzuri kwa mbaya. Karatasi ile ile, tumeigeuza tu."

 Wateja wa kwanza walikuja, wakapigana na vifungo vya makoti yao.

"Sema ulichoonja," alisema Sipriani, akaenda kuranda mbao.

Alhamisi walikwenda pamoja kwa Deo kuuliza habari za yale magunia manane. Sipriani alinunua kikombe kama mteja mwingine yeyote, akabandua kifuniko, akanywa kidogo kidogo, na mazungumzo yakafanyika ndani ya ghala, lisiloogopa maneno kama ukungu unavyoyaogopa. Deo alisikiliza yote. Mara mbili alisema "pole sana, mzee," na macho yake yalilowa, labda kwa vumbi. Kisha alipiga simu Dar akiwa ameegemea magunia, akaongea, akasubiri, akaongea tena, na mashine ya faksi ya ofisini ikatema karatasi.

"Kampuni imenunua mali ya ushirika uliovunjika, kwa mnada halali," alisoma. "Na kuhusu mzigo wa Kapinga, kuna hati. Hati ya kuteketeza. Magunia manane, yamechomwa moto mbele ya mashahidi, mhuri, sahihi ya mpimaji." Aliiweka hati juu ya gunia la tatu ili ailainishe mikunjo, kidole chake cha gumba kikiwa kwenye jina la Romana. "Kwa hiyo, mzee, wanasema haiwezi kuwa kahawa yako. Yako haipo."

"Na hii tuliyoegemea?" aliuliza Adija.

"Hii, mama, ni ya msimu huu. Imeandikwa ubaoni." Deo aliitazama hati, akalitazama gunia, akaitazama hati tena. "Mimi nimeajiriwa mwezi wa tatu tu," alisema.

Sipriani alimpa mkono, kwa sababu kijana hakuwa na kosa. Aliomba nakala ya hati akapewa, bure.

Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri watu walirudi, safari hii wamevaa fulana na kanga nyepesi. Adija alipanda kwenye kiti ambacho Deo alimfutia.

"Kahawa hii ina miaka kumi," alisema. "Imelala ghalani mpaka imechakaa, ina ladha ya gunia, vumbi na kojo la panya. Ubao unasema uongo. Leo ni kahawa mbaya." Alimtafuta Sipriani kwa macho. "Siku ilipoingia ghalani ilikuwa daraja la kwanza. Katika miaka yangu yote sijaonja iliyotunzwa vile. Wenyewe ni Sipriani Kapinga na marehemu Romana. Aliyeandika vingine alidanganya."

Hakushangiliwa. Watu walitikisa vichwa kwa kuridhika, kama mizani iliyotulia, na baadhi yao walimpa Sipriani mkono wa pole na wengine wa pongezi, wasijue upi unafaa. Deo alianza kuvua nembo kifuani. Alishaiona safari ya kurudi Dar.

Mzee Suleiman ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenda kaunta.

"Nipe moja, mwanangu," alisema. "Bila kifuniko."

"Lakini mzee, bibi kasema mbaya."

"Nimesikia. Mimi nimebeba magunia bandari hii miaka thelathini, mkonge, karanga, ufuta. Leo bandari haina hata gunia la kukalia. Jumanne nilipopata harufu ile nilitaka kulia." Alichukua kikombe chake, akanywa, na ghala liliposhuka alijinyoosha juu ya magunia, akavuta kofia usoni, akalala. Makuli wenzake waliobaki hai, saba, walimfuata kabla ya magharibi. Kesho yake walikuja na karata.

Dar walipopata habari walituma bango jipya. Liliandikwa Kahawa ya Ghala, Ladha ya Zamani, na bei ikapanda. Neno la msimu huu walilibakiza chini, kwa herufi ndogo, kwa kuwa wanasheria walilipenda. Vijana wa Mtwara walikodi gari kuja kuvuta vumbi, wakapigana picha na panya. Cletus aliagiza fulana za mikono mifupi, akapata vilevile. Nembo ya Deo ilibadilishwa ikawa ya meneja mwandamizi. Yule mpimaji, walisikia kwa watu, alikuwa mshauri wa ubora katika kampuni nyingine, naye alitumia kalamu ile ile.

Kijiwe cha Adija hakikupoteza mteja. Wakitaka baridi walikwenda kwake, wakitaka joto walikwenda kwa Deo, na wenye mafua walikatazwa kwenda kote kuwili siku moja.

Sipriani alianza kunywa kahawa. Saa moja kasorobo ya asubuhi, Asubuhi Njema ilipofunguliwa, alikuwa mlangoni ameshachana nywele. Alilipa bei iliyopanda kama kila mtu, kwa kahawa aliyoichuma mwenyewe na ambayo kisheria ilikuwa majivu. Alikaa kwenye gunia lake, akapiga funda, akajifunza kulishikilia. Wiki ya kwanza aliishia ghalani tu. Wiki ya pili ukuta ulianza kupauka. Adija alimfundisha kupumua kwa pua polepole, kama baba yake alivyomfundisha, na mwisho wa mwezi Sipriani aliweza kufika mlimani na kukaa huko muda wa mtu kula ndizi moja.

Deo alimwambia magunia yaliyobaki yatatosha mpaka Desemba, pengine Januari watu wakinywa taratibu. Sipriani alishukuru.

Asubuhi moja alimwomba Adija amsindikize. Walikaa pamoja juu ya gunia, makuli wamelala, panya yuko kwenye kaunta. Sipriani alipiga funda. Ukuta ukapauka, ukungu ukaja, moshi wa jiko ukanyooka juu, na sauti ikaita kama kila siku, kwamba ugali unapoa.

Sipriani alitoa mfukoni nakala ya hati, akaikunja mara mbili, akaikalia. Kisha akafanya jambo ambalo kijiwe kizima kingemkanyaga mguu kwa ajili yake. Alisema, kahawa ikiwa bado mdomoni, kwa Kimatengo, huku tone likimtoka kwenye kona ya midomo, na baadaye alimtafsiria Adija.

"Kahawa yetu haikuwa na kosa," alisema.

Hali ya hewa haikukimbia. Kule mlimani kijiko kiligonga sufuria mara mbili, kama anavyofanya mtu anayekung'uta unga.

"Nilikwambia," alisema Romana. "Njoo ule."